Kidole Sikioni

Kila asubuhi, mashine zilipowashwa na chumba kujaa ngurumo, Nukta alianza kusema.

Alisema peke yake na kwa sauti, amesimama mbele ya meza ya ukaguzi, vidole vikipekua karatasi zilizotoka kukatwa kutafuta doa la wino, ukurasa uliopinda au namba iliyoruka. Alisema mambo ambayo nje ya kiwanda asingethubutu kuyanong'onea hata mto wake. Kwamba jirani wa chumba cha pili amemmalizia sabuni yake na bado anamsalimia kwa tabasamu pana. Kwamba shangazi amemwuliza tena ataolewa lini, na kwamba shangazi angekuwa kitabu, yeye angemrudisha kwa mchapaji siku hiyo hiyo. Hakuna aliyemsikia. Mashine za kiwanda kile cha uchapaji zikishashika kasi, hata umpigie mtu mbinja sikioni, atakutazama tu kama umepiga mwayo.

Ndiyo maana watu wa pale walizungumza kwa mikono. Lugha hiyo ilibuniwa zamani na Mzee Wino, fundi wa mashine kubwa, na kila mfanyakazi mpya alifundishwa kabla hata hajaonyeshwa choo kilipo. Viganja viwili vikisukuma hewa mbele, maana yake songa, sukuma rundo liingie, usisimame. Vidole viwili vikivutwa kuelekea kifuani, rudi nyuma. Kidole sikioni, sema tena. Na ngumi juu ya kichwa maana yake zima. Hiyo haikutaniwa. Ukiiona ngumi kichwani, au mtu akipaza sauti "Zima!" na kwa bahati ikakufikia, unaganda pale pale ulipo, mikono hewani, mbali na chuma. Maswali baadaye.

Majina nayo yalikuwa ya humo humo. Yeye aliitwa Nukta kwa sababu ya udogo wake, na kwa sababu ya kazi yake ya kusaka vidoa, na kwa sababu, kama alivyosema Mama Jalada wa chumba cha kubandika, "ukimpa nafasi ya kuongea, anaweka nukta, mazungumzo yameisha."

Aliyesimama mbele yake kutwa nzima, akimpa mgongo, aliitwa Makali. Alikuwa mkata karatasi. Mashine yake ilikuwa na kisu kirefu kama mkono wa mtu mzima, kikishuka kinapita rundo zima la karatasi bila kuguna. Mbele ya kisu palitakiwa kuwa na kinga, kipande cha chuma chenye matundu kinachoshuka kwanza ili mkono usipate njia. Lakini tangu kazi ya kalenda ilipoanza kuwakimbiza, Makali aliifungua kinga akaiegemeza ukutani nyuma ya ndoo, kama mwanafunzi aliyetolewa nje ya darasa. Alisema inamchelewesha.

Tangu siku hiyo Nukta hakuwa na raha. Kisu kikishuka, alifumba macho. Kikipanda, alitazama vidole vya Makali: vipo. Kikashuka tena. Usiku aliota karatasi nyeupe zikitoka na madoa yasiyokuwa ya wino, na yeye akizikagua.

Asubuhi ile ya safari ya kwenda harusini kwa mwenzao alikuwa akisema hayo hayo. Alimwambia mgongo wa Makali, kwa sauti kabisa, "Rudisha kinga, bwana wee. Kila siku nasema leo nitakwambia, na kila siku nafyata ulimi. Utakatika vidole, na mimi—"

Umeme ukakatika.

"—mikono yako naipenda," Nukta akasema, katikati ya chumba kimya kama kaburi.

Kisha kichwa cha Mama Jalada kikachomoza mlangoni, brashi ya gundi mkononi.

"Mikono ya nani?"

"Si yangu," Mzee Wino alisema, akijitazama viganja. "Yangu hata mke wangu ameikataa."

Kicheko kilichofuata kilitosha kuwasha taa. Makali aligeuka taratibu. Aliitazama mikono yake, kama mtu anayeonyeshwa kitu alichokisahau mfukoni, kisha akamtazama Nukta, akainua kidole akakitia sikioni.

Sema tena.

Nukta aliinama chini ya meza kuokota karatasi. Hapakuwa na karatasi iliyoanguka. Alikaa kule chini, masikio yakiwaka moto, hadi aliposikia viatu vikiondoka.

"Jamani," Mama Jalada alikuwa anatangazia jengo zima, "huyu Gundi atapata wifi kabla hajapata mume!"

Gundi alikuwa mdogo wake Makali, na mwenzao wa kazi, mbandikaji wa chumba cha Mama Jalada. Kesho yake alikuwa anaolewa kwao, mji wa mbali, na alikuwa ameshatangulia. Baba yao alikwisha kufariki. Makali ndiye angesimama mahali pa baba. Umeme ulipokataa kurudi, msimamizi alisema kalenda zitasubiri, nendeni harusini. Basi wakajikuta ndani ya gari la kukodi mapema kuliko walivyopanga: Mzee Wino mbele pembeni ya dereva, Mama Jalada na Makali katikati, Nukta nyuma kabisa na masanduku, mahali alipojichagulia ili asitazamwe.

Haikusaidia.

"Dereva," Mama Jalada alisema kabla hawajatoka mjini, "usukani ushike vizuri. Humu ndani kuna mtu anapenda mikono."

"Mikono gani, mama?"

"Uliza nyuma."

"Mwacheni mtoto wa watu," Mzee Wino alisema. "Mimi nilimposa mke wangu kwa ishara, akadhani namwambia azime taa. Akazima. Tukaoana."

Hata Makali alicheka. Nukta aliminya begi lake kifuani akatazama dirishani. Alijiapiza jambo moja, na alijiapiza kwa dhati: hatafungua tena kinywa chake mbele ya watu hawa. Kuhusu kinga, ataandika kikaratasi. Au ataombea. Lakini kusema, hapana.

Jua lilikuwa limepinda kidogo waliposikia Makali anamwambia dereva, "Kaka, kule mbele kuna ngome ya zamani. Tusimame kidogo, nina shida nayo."

"Shida na ngome?" Mama Jalada aliuliza.

Makali alisitasita. Alipoongea, sauti yake haikuwa na utani. "Baba alitupeleka pale tukiwa wadogo. Kuna kengele kwenye mnara. Alimbeba Gundi mabegani akaigonga kwa kiganja, akapigwa picha. Ile ndiyo picha pekee Gundi aliyokuwa nayo ya baba akicheka. Paa lilivuja, maji yakaila, pakabaki vivuli tu. Nataka nimpigie picha ya ile kengele. Nimpe kesho asubuhi, kabla hajavaa."

Mama Jalada alimpapasa bega. Kule nyuma Nukta alihisi kitu kikilainika kifuani, na papo hapo, bila kujua kwa nini, hofu ikaingia pale palipolainika.

Ngome ilikuwa kubwa kuliko ilivyoonekana barabarani. Ukuta wake mweusi ulikuwa umeota majani kwenye nyufa, na lango lilikuwa refu kiasi kwamba mtu alijiona mdogo kabla hajafanya kosa lolote. Aliyewapokea alikuwa mwongozaji wa wageni, mwanamume mwembamba mwenye kofia na sauti iliyokwaruza kwa kusimulia habari zile zile kila siku. Aliwaonyesha jiwe lenye maandishi yaliyofutika, na kisima kilichokauka, kisha akawashusha kwenye chumba cha wafungwa.

Nukta hakutaka kushuka. Alishuka kwa sababu kubaki peke yake juu kulikuwa kubaya zaidi. Ngazi zilikuwa zimelika katikati kwa miguu ya watu waliokufa zamani, na ukuta ulitoa jasho baridi. Chini kulikuwa na giza lenye harufu ya sarafu zilizolowa, na pete za chuma zikiwa zimepigiliwa ukutani, chini sana, kwa mtu aliyekaa.

"Walisahauliwa humu," mwongozaji alisema. "Si kwamba walihukumiwa kifo. Waliokuwa na ufunguo walihamishwa, na hakuna aliyewaambia waliofuata kwamba kuna watu chini. Inasemekana walipiga kelele, lakini ukuta huu haupitishi sauti."

"Ungeanza na hiyo, baba, nibaki juu," Mama Jalada alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa anatania.

Nukta aliigusa pete moja, akaondoa mkono kama ameungua. Hakuna aliyewaambia. Alipanda na maneno yale hadi juani.

Uani kulikuwa na mafundi wawili wanakarabati ukuta, mifuko ya saruji na jenereta moja kuukuu kando yao. Mwongozaji alielekeza kidole juu. Mnara mkubwa ulikuwa upande mmoja, na mkabala wake, ng'ambo ya uwanja, kimnara kidogo chenye dirisha wazi, na ndani ya dirisha hilo ikaonekana kengele. Kati ya mnara na mnara palikuwa na njia ya mbao, imeshikamana na ukuta kwa juu sana, kama rafu ya vitabu.

"Mnara mkubwa mnaweza kupanda hadi mlango wa juu. Mwisho ni pale penye kamba. Njia ya mbao imefungwa, mafundi wameanza kung'oa boriti zinazoishikilia."

"Si padogo tu hapo hadi kwenye kengele?" Makali aliuliza.

"Padogo sana. Hata kuanguka ni mara moja tu." Mwongozaji alicheka peke yake, kisha akaitwa na wageni wengine langoni, akaenda.

Mzee Wino alisema magoti yake hayana mkataba na ngazi. Mama Jalada alisema mtu aliyekwisha kushushwa kuzimu siku hiyo hapandishwi mbinguni. Wakakaa kwenye kibenchi cha mawe. Makali alikwisha kuingia mnarani, simu mkononi.

Nukta alibaki amesimama. Aliogopa urefu tangu utotoni. Hata kupanda kiti kubadili taa kulimtoa kijasho. Lakini alikuwa ameyaona macho ya Makali yalipotazama ile kamba kwa mbali. Aliyajua macho yale. Ndiyo aliyoitazama nayo kinga siku aliyoifungua: si kwa kiburi, ila kama mtu anayetazama kitu kinachomchelewesha.

Akamfuata.

"Haya, wifi!" Mama Jalada alimpigia kelele, na Nukta akajikaza asigeuke.

Alipanda ameshika ukuta kwa mikono miwili, akihesabu pumzi, asithubutu kutazama vitundu vya ukutani ambavyo kila kimoja kilimwonyesha uwanja ukizidi kuwa mbali. Alipofika mlango wa juu, upepo ulimpiga usoni. Makali alikuwa anaiinua kamba.

"Umekuja!" alisema, na uso wake ukang'aa. "Nishikie koti. Napiga moja tu, narudi."

Koti likatua mikononi mwa Nukta. Alifungua kinywa. *Usiende.* Ni neno moja, nukta, imeisha. Lakini neno lile lilipofika kwenye ulimi lilikutana na kicheko cha asubuhi. Kichwani mwake alimwona Makali akimsimulia Mama Jalada garini: yaani ananiogopea. Aliona watakavyomcheka njia yote iliyobaki. Kinywa kikabaki wazi, hewa ikiingia na kutoka.

Makali akapita chini ya kamba.

"Usiende," Nukta akasema.

Na kwa wakati ule ule, kule chini, jenereta likawaka.

Ngurumo ilijaa uwanja, ikapanda kuta nne, ikarudi. Ilikuwa sauti ya kiwandani kabisa, ile ile, na Nukta alimwona Makali akilegea mabega kama mtu aliyerudi nyumbani. Alitembea ubavu ukutani, mguu mmoja mbele ya mwingine. Mbao zilikubali. Chini yake hapakuwa na kitu, kisha, mbali sana, palikuwa na mawe.

"Usiende," Nukta alisema tena. "Rudi. Nakuomba. Mimi nakuomba." Alisema yote hayo kwa sauti, kama alivyosema kila asubuhi, na kama kila asubuhi hayakumfikia mtu.

Hapo mwongozaji akatokea uwanjani. Alisimama chini, ng'ambo, karibu na kimnara cha kengele, uso ameuinua kumwelekea Makali. Akanyoosha mikono yote miwili, viganja wazi, akaanza kusukuma hewa. Akasukuma, akasukuma.

Makali alimwona. Alitabasamu, akamwonyesha kidole gumba cha asante, akaongeza hatua.

Hata Nukta, kwa kitambo kidogo, moyo wake ulitulia. Ameruhusiwa. Mwenye ngome mwenyewe amesema songa. Kule kwenye benchi Mzee Wino naye aliviona vile viganja, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaendelea na mazungumzo yake.

Kisha Nukta aliutazama uso wa mwongozaji. Kinywa kilikuwa kimefunguka chote. Mishipa ya shingo ilikuwa imemtoka. Kofia ilikuwa imeanguka na hakuiokota.

Mtu yule hajawahi kufanya kazi kiwandani.

Haambiwi songa. Anaambiwa rudi, kwa lugha ya watu wote duniani isipokuwa wao. Na kadiri mwongozaji alivyozidi kuogopa ndivyo alivyozidi kusukuma, na kadiri alivyosukuma ndivyo Makali alivyozidi kwenda.

Kutoka mlangoni pale Nukta aliweza kuona upande wa chini wa mbao, ambao Makali asingeweza kuuona. Hadi aliposimama palikuwa na vipande vya boriti vilivyotokeza ukutani. Mbele yake hapakuwa na kitu. Mafundi walikwisha kuzing'oa. Mbao zilizofuata zilikuwa zimelala juu ya hewa, zimeshikwa na misumari na mazoea.

Ubao ukavunjika. Nukta hakuusikia, aliuona tu, ukifunguka kimya kama kinywa. Mguu wa Makali ukazama hadi pajani. Simu ikamtoka, ikapinduka hewani muda mrefu, ikatawanyika juu ya mawe. Makali alikumbatia ukuta. Alivuta mguu, ukatoka, suruali imechanika. Alibaki amepiga magoti, amepauka, hajui kama ulio mzima ni upande wa mbele au wa nyuma. Akafanya kile ambacho mtu wa kiwandani hufanya akichanganyikiwa katikati ya kelele. Alitafuta mikono ya mtu.

Aliipata ya mwongozaji. Songa, ilisema. Songa, songa, songa!

Makali akaupeleka mkono mbele, kwenye ubao uliofuata.

Nukta alipiga ngumi juu ya kichwa chake. Aliipiga hadi akaumia. Lakini Makali alikuwa amempa mgongo, ule mgongo aliouzungumzia kila siku ya kazi, na mgongo hauna macho. Alipaza sauti, ikatoka nyembamba kama uzi, ngurumo ikaimeza. Sauti yake haikujua kazi hiyo. Ilikuwa imezoea kusema ili isisikike.

Alilikumbuka lile shimo lenye pete. Hakuna aliyewaambia.

Alidondosha koti. Alishika mawe ya mlango kwa mikono miwili, akavuta pumzi hadi mbavu zikauma, akalitoa neno kutoka mahali ambapo hajawahi kutoa kitu.

"ZIMA!"

Makali aliganda. Mikono yake iliruka hewani, mbali na mbao, kabla akili haijamuuliza kwa nini. Kule benchini Mzee Wino alisimama wima, mikono juu. Mama Jalada alitupa mkoba, mikono juu. Watu watatu, katikati ya ngome, wamejisalimisha kwa neno moja, na mafundi wa saruji wakiwashangaa.

Taratibu sana, Makali aligeuza shingo.

Alimwona. Ngumi kichwani. Nukta aliiacha pale ili aelewe, kisha akaishusha, akanyoosha vidole viwili, akavivuta kuelekea kifuani. Rudi. Akaelekeza kidole ukutani, pale misumari ilipokuwa. Huko huko, kando ya ukuta. Akavivuta tena. Rudi.

Makali aliinama akaanza kurudi kwa mikono na magoti, kinyumenyume, akitazama nyuma chini ya kwapa lake kila mara kuhakikisha vile vidole viwili bado vipo. Vilikuwepo. Na Nukta alisema. Alisema bila kukoma, midomo ikienda yenyewe, kama anayembembeleza mtoto mwenye homa.

"Hivyo hivyo. Goti la kulia, hapo pabovu, sogea. Hivyo. Kesho unasimama na dada yako, unasikia? Siwezi kwenda kumwambia Gundi kitu kingine, mimi hata salamu inanishinda. Usitazame chini. Mimi pia sitazami. Taratibu. Nilitakiwa kukwambia kabla hujaivuka hiyo kamba. Nilitakiwa kukwambia tangu siku ile ya kinga."

Ubao wa mwisho kabla ya mlango ulianza kuinuka upande mmoja. Nukta aliona misumari ikitoka, kidogo kidogo, minyofu na yenye kutu. Hakufikiri. Mtu aliyeogopa kupanda kiti alilala kifudifudi kizingitini, kichwa na mabega nje, juu ya utupu wote ule, akanyoosha mikono. Makali aligeuka nusu, akanyoosha wake. Aliuona ukija: kucha zenye wino usiotoka, kovu la karatasi kwenye kidole cha shahada, vidole vitano, vyote vipo. Akaushika kwa mikono miwili.

"Nimekushika. Vuta. Sikuachi, hata unikasirikie, hata wanicheke hadi kwetu. Naogopa. Kila siku naogopa, kwa sababu—"

Makali aliangukia ndani, juu ya koti lake mwenyewe. Nyuma yake ubao ulichomoka, ukaenda. Kule chini mwongozaji alikuwa amefika kwenye jenereta, akapiga swichi kwa kiganja.

Ngurumo ikakatika.

"—kwa sababu mikono yako naipenda," Nukta akasema.

Sauti yake ilitoka mlangoni, ikagonga ukuta wa mbele, ikarudi. Vumbi lilikuwa linashuka juani. Uwanjani walikuwa wamesimama wote, nyuso juu: mafundi, mwongozaji bila kofia, Mama Jalada ameziba kinywa kwa viganja, Mzee Wino mikono yake ikiwa bado nusu hewani kwa kusahau kuishusha. Safari hii hakuna aliyecheka.

Joto lilianza kupanda shingoni mwa Nukta. Aliijua njia: inama, okota karatasi, kaa kule chini hadi viatu viondoke. Lakini hapakuwa na meza. Palikuwa na sakafu ya mawe tu, na mkono wa Makali ndani ya mikono yake, baridi kama chuma.

Makali alijaribu kusema. Midomo ilicheza, hakikutoka kitu. Mwishowe aliinua mkono ule mwingine, uliochubuka na kuchomwa vijiti vya mbao, akaupeleka polepole kando ya kichwa, akatia kidole sikioni.

Hapakuwa na utani wowote ndani yake.

Nukta aliogopa kuliko alivyoogopa pale kizingitini, na akafungua kinywa hivyo hivyo, akiogopa.

"Nimesema urudishe kinga," alisema, kwa sauti, uwanja wote ukisikia. "Tukirudi kazini, kabla hujagusa swichi. Kila kisu kikipanda nahesabu vidole vyako, nimechoka kuhesabu. Na si mikono tu, Makali. Ni wewe. Nakupenda wewe, na nataka ubaki mzima."